Mtoto ana wiki 7, usingizi umenikimbia: naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Naambiwa majonzi ya baada ya kujifungua huisha ndani ya wiki 2 hivi, yangu yanazidi. Mtoto akilala, mimi nakesha nikimwekea kidole karibu na pua nisikie kama anapumua. Hata mara 20 kwa usiku, sitanii. Mume wangu ananipokea zamu, mama anasema niombe tu. Nimeomba. Juzi nesi alinipa yale maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona (depression) baada ya kujifungua, nikajibu uongo kwa aibu. Sina wazo la kujidhuru wala kumdhuru mtoto.

Mliopitia haya, mlianzaje kumwambia daktari ukweli? Na aliyetumia sertraline (dawa ya sonona na wasiwasi) huku ananyonyesha, mtoto aliendeleaje?