Mtaalamu wa kujitegemea, kampuni, au kijana wetu wa kompyuta? Bodi inakaa Alhamisi

MamaOfisi
Wadau habari zenu. Tuna kashirika ketu kadogo, juzi mhasibu kapata imeili ya mkurugenzi inamwambia abadilishe akaunti ya kumlipa mzabuni, bahati nzuri akampigia simu kwanza, mkurugenzi akaruka, hakutuma kitu. Sasa bodi wameshtuka wanataka mtu wa usalama wa mitandao. Ninao watatu: mtaalamu wa kujitegemea anayelipwa kwa siku, kampuni inayotaka mkataba wa mwaka, na kijana anayetutengenezea kompyuta miaka yote. Wa kujitegemea kasema na nyumbani kwangu atanisaidia, watoto na tableti zao. Nichukue nani?

FundiWaya
Dada hujasema kitu hapo. Mko wangapi, mashine ngapi, Windows gani, bakapu (nakala za akiba) iko wapi, na nani ana akaunti ya admini, ile yenye mamlaka yote?

MamaOfisi
Samahani mkuu. Tuko 11, laptopu 9, nne bado Windows 10. Imeili za Google. Bakapu ni hadi diski ya nje, ipo imechomekwa kwa mhasibu muda wote. Admini nadhani ni yule kijana.

FundiWaya
Imechomekwa muda wote?? Virusi vya kufunga mafaili vikiingia vinakula na hiyo. Nakala 3, aina 2 za hifadhi, 1 iwe nje ya ofisi. Na Windows 10 Microsoft walishaiacha tangu 14 Oktoba 2025, msipojiandikisha kwenye ile nyongeza ya masasisho mko uchi. WannaCry, virusi vya kufunga mafaili vya Mei 2017, kiraka cha kuziba tundu lake kilikuwa kimetoka Machi, watu hawakuweka tu.

Kisiki
Kampuni. Mimi wa kujitegemea sitaki hata kumsikia. Tulimwajiri mmoja, mpole, anajua kazi kwelikweli, akatuwekea tovuti na imeili, tukamlipa akaenda zake. Kumbe domeini, yaani jina letu la mtandaoni, kaisajili kwa imeili yake binafsi. Mwaka ukaisha, taarifa za kulipia zinaenda kwake, naye kabadili namba ya simu. Jumatatu asubuhi imeili zote zinadunda, wateja wanapiga wanauliza mmefunga? Wiki tatu tunahangaika kuthibitisha kwamba jina letu ni letu. Na wakati tunasafisha tukakuta kwenye mashine ya keshia, pale pembeni ya saa, kuna kaalama kadogo ka programu ya kuingilia kutoka mbali, bado imewashwa, keshia anasema "hiyo nimeikuta". Miezi kumi na nne hiyo.

Nahodha_77
Pole ndugu, ila kosa hilo hata kampuni wanalifanya. Mkataba useme domeini na admini ni mali ya shirika, na siku ya kuondoka anaondolewa mkiwa mnaangalia. Mimi natumia wa kujitegemea mwaka wa nne. Kampuni atakuja meneja mwenye tai, kazi atafanya mwanafunzi.

Bi_Nywila
Muulize vyeti. CISSP, cheti cha usalama wa mitandao, inataka uzoefu wa miaka 5, haiokotwi. Na akuwekee sheria ya kubadili paswedi kila mwezi.

Nahodha_77
Kila mwezi tena? NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walishasema tangu 2017 msilazimishe watu kubadili ovyo, badilini ikivuja. Ofisini kwetu ilikuwa Maua1, Maua2, tumefika Maua19, nayo imeandikwa chini ya kibodi.

Bi_Nywila
Hao ni wafanyakazi wako wavivu, sheria haina kosa.

Kisiki
Mwanangu ana miaka 9 anajua paswedi yangu kwa kutazama kidole tu, sheria gani itamzuia huyo 😂

MamaOfisi
Jamani na hizo tableti je?

Nahodha_77
Za nyumbani usimlipe mtu. Akaunti ya mtoto, paswedi ya kiwandani ya ruta uibadili, uthibitisho wa hatua mbili (paswedi na kitu cha pili, kama namba ya simuni) kwenye imeili yako. Jioni moja umemaliza.

FundiWaya
Ngoja kwanza. Hiyo imeili ilitoka anwani ya kufanana au anwani yake mwenyewe kabisa?

MamaOfisi
Yake mwenyewe. Herufi kwa herufi nimelinganisha.

FundiWaya
Mwambie afungue akaunti yake SASA HIVI. Aangalie zilizotumwa, takataka, kisha mipangilio, sehemu ya vichujio na kusambaza.

MamaOfisi
Kwenye zilizotumwa haipo. Ila takataka imo. Na kuna kichujio, imeili yoyote yenye neno "ankara" inapelekwa kwa anwani wala hatuijui.

FundiWaya
Basi mtu yumo ndani. Pigeni picha hicho kichujio kabla ya kukifuta, badilini paswedi, toeni vifaa vyote vilivyoingia, washeni hatua mbili. Mzabuni mpigieni kwa namba mliyokuwa nayo zamani, siyo ya kwenye imeili.

MamaOfisi
Tuko kwenye paswedi. Yule kijana hapokei simu. Kampuni wanasema nijaze fomu kwanza.

Nahodha_77
Na wa kujitegemea?

MamaOfisi
Yuko safarini, kasema kesho saa tatu.

Bi_Nywila
Wangekuwa wanabadili kila mwezi je?