Mjadala: Mahindi yanatoka Mbeya, kesi inaamuliwa London. Kifungu hiki tukifute?

Gunia90 (mleta mada)
Wakuu, mikataba ya mahindi kwenda Nairobi siku hizi ni karatasi moja: tani 500, bei, unyevu usizidi asilimia 13.5, na chini kabisa mstari kwamba mgogoro wowote utaamuliwa London kwa kanuni za usuluhishi namba 125 za GAFTA, chama cha biashara ya nafaka cha huko London. Muuzaji Mtanzania, mnunuzi Mkenya, lori linapita Namanga. London imeingiaje? Kwenye mikataba yote ya FOB Mbeya kifungu hiki kitoke, usuluhishi ufanyike Dar au Nairobi.

Kilindini
FOB Mbeya? FOB ni mzigo kukabidhiwa melini. Meli inatia nanga wapi, Mwanjelwa?

Gunia90
Kila mtu sokoni anajua FOB Mbeya ni bei ya mzigo ukiwa juu ya lori. Jibu hoja, acha kejeli.

Kilindini
Hiyo ndiyo hoja. FOB ni ya majini tu, Incoterms 2020, yale masharti ya kimataifa ya kukabidhiana mzigo, hazina utata hapo. Lori ni FCA, yaani mzigo unakabidhiwa kwa msafirishaji mahali palipotajwa, na unataja ghala lenyewe. Likiwa ghala la muuzaji, yeye ndiye anapakia. Likiwa la mtu mwingine, yeye anafikisha mzigo hapo tu, kushusha na kupakia tena ni juu ya mnunuzi. Lori likipinduka Makambako, msuluhishi ataanza kuuliza hatari ilihama wapi. Wewe unamwonyesha neno la meli! Awe Dar awe London, atakushangaa tu.

Mzani
Nyote mmechelewa. Fomu za mikataba za GAFTA zinazikataa Incoterms kwa maandishi, pamoja na ule Mkataba wa Vienna wa 1980 wa mauzo ya kimataifa.

Kilindini
Fomu, ndiyo. Lakini karatasi ya mleta mada haikutaja fomu yoyote, imetaja 125 peke yake. 125 ni kanuni za kuendesha shauri. Kifungu cha kukokotoa fidia na kifungu cha serikali kuzuia mzigo vinakaa kwenye fomu. Kwa hiyo huyu amebeba gharama za London bila kupata kinga za London.

Mzani
Hapo sikubishii.

Chekeche
Si kuna sheria ya 2017 iliyopiga marufuku mambo yetu kuamuliwa nje?

Wakili Kimya
Ile ni ya utajiri asili na maliasili, ilikuja na vuguvugu la makinikia, ule mchanga wa madini. Usiivute hadi kwenye gunia la mahindi. Tanzania imo kwenye Mkataba wa New York wa 1958, ule wa kutambua tuzo (maamuzi ya wasuluhishi) za nje, tangu 1964, Kenya tangu 1989. Tuzo ya London inasajiliwa Mahakama Kuu na kukazwa, na sababu za kuikataa ni chache. Anayeshindwa London asidhani Namanga ni ukuta.

Gunia90
Kwa hiyo tuendelee kulipa pauni? Fanyeni hesabu. Bei ya mkataba dola 300 kwa tani, muuzaji akakacha siku soko liko 360. Tofauti 60 mara 500 ni dola 30,000. Ukishalipa wasuluhishi na wakili unabaki na nini?

Wakili Kimya
Wakili ndiye wa kuangalia zaidi. Chini ya 125 gharama za mawakili hazirudishwi hata ukishinda, labda pande zote zikubaliane. Mengi huamuliwa kwa nyaraka, bila kikao. Na asiyeridhika ana siku 30 kukata rufaa, ambako Bodi ya Rufaa ya GAFTA inasikiliza shauri upya.

Chekeche
Na Bunge lilipigwa dola milioni 3 huko huko.

Gunia90
Bunge gani tena? Dodoma?

Chekeche
😂 Bunge kampuni ya nafaka, mkuu.

Binti Salima
Kama hamkumbuki kesi msiitaje. Bunge na mnunuzi wake Nidera, tani 25,000 za ngano ya Urusi, FOB Novorossiysk (hiyo ni bandari, FOB halali, Kilindini apumzike). Upakiaji ulipangwa 23 hadi 30 Agosti 2010. Urusi ikatangaza kuzuia ngano kutoka kuanzia tarehe 15. Tarehe 9 muuzaji, Bunge, akatangaza mkataba umekufa. Aliwahi mno, zuio lingeweza kuondolewa. Bodi ya Rufaa ya GAFTA ikampa Nidera dola 3,062,500. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikashusha hadi dola 5, kwa sababu zuio lilidumu na ngano isingepakiwa hata muuzaji angevumilia. Dola tano!

Chekeche
Basi Bunge lilishinda.

Binti Salima
Baada ya miaka mitano. Fundisho kwa muuzaji wa Mbeya serikali ikifunga mpaka: usitangaze mkataba umekufa siku unayosikia redioni. Toa taarifa ya zuio kwa maandishi, subiri dirisha la upakiaji lipite.

Mtaa wa Viwandani
Nyinyi mnaongelea zuio la kutoa. Machi 2021 ni Kenya iliyozuia kuingiza, kisa aflatoksini, yaani sumukuvu. Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti: cheti cha mzigo kuwa chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Hapo aliyekwama ni mnunuzi, na vifungu vingi vya zuio vimeandikwa kwa nchi mzigo unakotoka tu. Bana, hilo ndilo la kubishania, si London.

Mzani
Na sumukuvu haikai sawa kwenye shehena. Punje chache zinabeba sehemu kubwa ya sumu. Ukitoboa magunia yaliyo mlangoni mwa lori tu, maabara mbili zitatoa majibu mawili na zote zitakuwa sahihi. Wakaguzi wa pande zote wachukue sampuli pamoja wakati wa kupakia, wachanganye, wagawe, wafunge kwa lakiri, seti moja ibaki kwa mtu wa tatu. Mkataba useme cheti cha wapi ndicho cha mwisho. Ukikosa hayo hata malaika asuluhishe.

Gunia90
Sawa, naandika FCA. Lakini usuluhishi Dar.

Wakili Kimya
Dar kwa kanuni za nani? Ukiandika "Dar" tupu, upande mwingine ukigoma kuteua msuluhishi unaanza kuhangaika na Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Taja taasisi, makao, idadi ya wasuluhishi, lugha. Kuna hata Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha: kifungu cha 32 cha Mkataba wa Jumuiya kinairuhusu kusuluhisha mikataba ya biashara pande zikiitaja. Hakuna anayeitaja.

Gunia90
Arusha iko njiani kwenda Namanga. Naiandika hiyo.

Kilindini
FCA ghala lipi?

Gunia90
Mbeya.

Kilindini
Mbeya si ghala.