Tupeane uzoefu: Uliwajuaje Westlife, na kwa nini bado unawasikiliza?

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wanachama, salaam. Westlife, kundi la waimbaji wavulana kutoka Ireland, lilitoa kibao chake cha kwanza, "Swear It Again", mwezi Aprili 1999, na hadi leo ni nadra kukaa na watu wa rika langu bila mmoja wao kuanzisha kiitikio cha "My Love" na wengine kukidakia. Makundi mengine ya wavulana ya wakati ule yalikuwa na wachezaji hodari zaidi, na baadhi yalivuma Marekani kwa kiwango ambacho Westlife hawakukifikia kabisa, ilhali hawa walikaa juu ya stuli wakaimba nyimbo za taratibu. Naomba kila mmoja aeleze alivyowajua, wimbo uliomnasa, na kile anachodhani kimewafanya wadumu. Wasiowapenda nao wanakaribishwa, ilimradi watoe sababu.

Nitangulize historia fupi ili tuzungumzie jambo moja. Shane Filan, Kian Egan na Mark Feehily ni wenyeji wa Sligo, magharibi mwa Ireland, na walianza kuimba pamoja wangali vijana wadogo, katika kundi la watu sita. Louis Walsh, ambaye tayari alikuwa meneja wa Boyzone, kundi jingine la wavulana la Ireland, aliwachukua, lakini Simon Cowell, aliyekuwa akisaka wasanii kwa niaba ya kampuni ya kurekodi, hakuridhika na safu ile. Watatu wakaachwa, na usaili uliofanyika Dublin ukawaleta Nicky Byrne, aliyekuwa golikipa kijana katika klabu ya Leeds United, pamoja na Brian McFadden. Wakajiita Westside, wakakuta jina hilo lina wenyewe, ndipo wakawa Westlife. Kila ninapoisoma habari hii huwafikiria zaidi wale watatu walioachwa mlangoni kuliko wale watano walioingia, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Daftari la Nyimbo

Niliwajua kupitia redio. Dada yangu alikuwa akisubiri kipindi cha salamu, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kurekodi cha redio kaseti, na wimbo ukianza hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Baada ya hapo kazi ilikuwa yangu: kurudisha utepe nyuma, kusikiliza mstari mmoja, kuusimamisha, kuandika, kisha kuurudia hadi maneno yakamilike. Daftari lile lilizunguka darasani na kurudi likiwa limesahihishwa kwa kalamu za rangi mbalimbali, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba yeye ndiye aliyesikia vizuri.

Nadhani hapo ndipo penye jibu la swali lako, angalau kwa sisi tuliokuwa tukijifunza Kiingereza. Waimbaji wengine tuliwapenda lakini hatukuwapata. Maneno yao yalikimbia. Westlife walitamka kila silabi hadi mwisho, na kiitikio kilirudi mara nyingi kiasi kwamba ulichokikosa mara ya kwanza ulikipata mara ya tatu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba "If I Let You Go" na "My Love" zilitungwa na Waswidi, miongoni mwao Jörgen Elofsson, Per Magnusson na David Kreuger, na mambo mengi yakanikaa sawa. Hawa nao hawakuzaliwa na Kiingereza. Walitumia maneno machache, mepesi, yanayokaa vizuri mdomoni, na wakaiachia melodi kazi iliyobaki. Mtunzi aliyezaliwa London pengine angeona aibu kuandika mistari iliyo wazi namna ile, na sisi tungemkosa.

Kinanda Kikuukuu

Nimefundisha kwaya kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu kama mwalimu wa sauti. Watu husema Westlife walikuwa na sura nzuri na bahati nzuri. Sura hazisikiki redioni. Kilichosikika ni mgawanyo wa kazi uliopangwa kwa uangalifu mkubwa. Mara nyingi Shane ndiye aliyefungua ubeti wa kwanza, kwa sauti laini ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifuata bila kuumiza koo. Baadaye alikuja Mark, mwenye sauti pana iliyonyonya sana mtindo wa soul wa Wamarekani weusi, akaubeba wimbo hadi pale ambapo Shane asingeufikisha. Brian, alipokuwepo, aliweka ukwaruzo kidogo katikati yao. Kian na Nicky hawakupewa mistari mingi ya peke yao, na wapo wanaowadharau kwa hilo, lakini anayejua kwaya anajua kwamba sauti za kati ndizo zinazoufanya wimbo uonekane mnene. Ziondoe, utabaki na mtu mmoja anayeimba akiwa na wasindikizaji.

Halafu kuna kile kitendo maarufu cha kuinuka kwenye stuli. Wimbo unapokaribia mwisho, ngoma inapiga pigo moja, sauti zote zinapanda ngazi moja juu, na vijana wote wanasimama kwa pamoja. Watu hulicheka jambo hili, nami pia hulicheka. Lakini jaribu kuimba "My Love" bila kupandisha pale mwishoni, uone jinsi wimbo unavyokufa mikononi mwako. Kiitikio ambacho msikilizaji amekwisha kukizoea kinarudishwa kwake kikiwa juu kidogo ya pale alipokizoea, naye analazimika kukaza mbavu ili akifikie. Huo mkazo ndio anaouita hisia. Katika "Flying Without Wings" wanaongeza na kwaya ya mtindo wa injili nyuma yao, jambo ambalo linaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini nyimbo hizi ziliingia kwa urahisi masikioni mwa watu waliolelewa kanisani. Wanakwaya wangu hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuzisikia. Walikuwa wakizisikia kila Jumapili, kwa maneno mengine.

Mpinzani Mwenye Adabu

Kwa kuwa tumekaribishwa, nami niseme. Sina ugomvi na sauti zao. Ugomvi wangu ni kwamba sehemu kubwa ya sifa hizi ni ya watu wengine. "Uptown Girl" ni ya Billy Joel, "Mandy" iliimbwa na Barry Manilow, "I Have a Dream" ni ya ABBA, "Against All Odds" ni ya Phil Collins, "The Rose" iliimbwa na Bette Midler. Hata "You Raise Me Up", ambayo vijana wengi huamini ni yao, ilitoka kwanza kwa kundi la Secret Garden, ikaimbwa na Josh Groban mwaka 2003, ndipo Westlife wakaichukua mwaka 2005. Mwaka 2004 walitoa albamu nzima ya nyimbo za zama za Frank Sinatra, uamuzi ambao hadi leo sijaupatia utetezi. Kundi lenye nyimbo 14 zilizoshika namba moja Uingereza lingeweza kuthubutu zaidi.

Wale wanaopenda takwimu hutukumbusha kwamba nyimbo zao saba za mwanzo zilifika namba moja huko Uingereza mfululizo. Ni kweli. Wasisahau kusimulia mlolongo huo ulikatwa na nani: Desemba 2000, "What Makes a Man" iliishia namba mbili, ikiwa imezuiwa na wimbo wa Bob the Builder, fundi wa katuni za watoto.

Kinanda Kikuukuu

Hoja ya kurudia nyimbo naipokea nusu. Katika kwaya hatumuulizi mtu kama wimbo ni wake. Tunamuuliza kama ameuimba. "You Raise Me Up" niliisikia kwa waimbaji wengine kabla yao, nikaiheshimu. Kwao nilitamani kuiimba, na hiyo ni hali nyingine kabisa. Kuhusu albamu ya 2004, sina la kuongeza. Nakubaliana nawe, na hata kaseti yake sikuinunua.

Mkutubi wa Familia

Niruhusuni nilete kisa cha "Seasons in the Sun", waliyoitoa pamoja na "I Have a Dream" mwishoni mwa mwaka 1999. Shuleni kwetu iliimbwa katika mahafali ya kidato cha nne. Tulipanga mistari, tukapunga mikono, wazazi wakapiga makofi, na kila mtu akatabasamu kwa kuwa melodi inachekesha moyo. Hakuna aliyetuambia kwamba anayeimba ni mtu anayekata roho, anamuaga rafiki yake, anamuaga baba yake, na anajutia maisha aliyoyaishi. Chimbuko lake ni wimbo wa Jacques Brel, mwimbaji wa Kibelgiji aliyeimba kwa Kifaransa, na katika wimbo huo wa awali mtu huyo anaaga kwa uchungu na kejeli zaidi.

Nililitambua hilo nilipokuwa mtu mzima, tulipompoteza mmoja wa wale tuliosimama naye mstari wa mbele siku ile. Katika kikao cha kupanga mazishi mtu alipendekeza tuuimbe, na kwa mara ya kwanza tukayasoma maneno polepole, tukatazamana. Tuliuimba hata hivyo, bila kupunga mikono. Sikubaliani na wanaosema nyimbo hizi ni nyepesi kupita kiasi. Baadhi yake zilikuwa na uzito ambao umri wetu haukuweza kuupima.

Abiria wa Dublin

Nilikuwa mwanafunzi Dublin mwaka 2012, wakati kundi lilipovunjika. Maonyesho ya kuaga yalifanyika uwanja wa Croke Park tarehe 22 na 23 Juni. Kwa asiyeujua, Croke Park ndiyo makao ya michezo ya jadi ya Waayalandi na huingiza watu zaidi ya 80,000. Kuujaza kwa usiku mbili si jambo la kila msanii. Nilienda usiku wa pili, kwa tiketi niliyoachiwa na mwenzangu wa darasani aliyepata dharura.

Kilichonishangaza ni umri wa watu. Nilitarajia wasichana, nikakuta akina mama waliokuja na mabinti zao, na akina baba waliodai wameletwa kwa lazima huku wakijua kila neno. Jambo jingine lililokuwa midomoni mwa watu siku hizo ni kwamba Shane alikuwa ametangazwa kufilisika mwezi huohuo, kwa sababu ya biashara ya majengo iliyoanguka pamoja na soko la nyumba la Ireland. Waayalandi wengi walikuwa wamepoteza fedha kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo aliposimama mbele yao akiimba, hawakumtazama kama nyota aliyeshuka. Walimtazama kama jirani yao. Nilielewa hapo kwamba umaarufu wao nyumbani haukutokana na kuonekana tofauti na watu. Walikuwa vijana wa mji mdogo waliofika mbali bila kubadilisha lafudhi.

Kitinda Mimba

Mimi nimezaliwa baada ya "Uptown Girl", kwa hiyo nilizikuta nyimbo hizi nyumbani pamoja na vyombo na makochi. Kaka zangu walizipiga hadi nikazichukia. Kundi liliporudi mwaka 2018, na "Hello My Love", iliyotungwa na Ed Sheeran akishirikiana na Steve Mac, ikatoka mwanzoni mwa mwaka 2019, nilijikuta ninaisikiliza kwa hiari yangu. Kaka yangu mkubwa alisikia kupitia mlango, akaingia, akaketi bila kuulizwa. Hatuna mazungumzo mengi ya kawaida kati yetu kutokana na tofauti ya miaka, lakini juu ya Westlife tunaweza kubishana hadi usiku wa manane: yeye anashikilia kwamba kundi lilikwisha Machi 2004 alipoondoka Brian, nami namkumbusha kwamba "You Raise Me Up" ilitoka bila Brian na ikashika namba moja.

Ninaloliona tofauti kwao ni kwamba hawakuhitaji kubaki vijana. Kundi lililojengwa juu ya kuruka na kupinduka lina shida likifika miaka arobaini. Mtu anayeimba amekaa anaweza kuendelea kukaa. Agosti 2022 waliimba katika uwanja wa Wembley kwa mara ya kwanza, zaidi ya miaka ishirini baada ya kuanza.

Mwanzilishi wa mada

Nawashukuru nyote. Kitinda Mimba, mwambie kaka yako kwamba wapo wengi wa upande wake, nami nilikuwa mmoja wao hadi niliposikiliza tena albamu ya "Face to Face", ile yenye "You Raise Me Up", kwa utulivu. Mpinzani, kuhusu Bob the Builder umetuonea, lakini ni haki yako.

Nina swali moja kwa Kinanda. Mwaka 2024 Mark alitangaza kwamba anapumzika kwenye ziara kwa sababu za kiafya, na wenzake watatu wakaendelea. Umesema yeye ndiye aliyebeba sehemu za juu. Watatu wanawezaje kuimba nyimbo zilizopangwa kwa watano?

Kinanda Kikuukuu

Zinaimbika, kwa gharama. Kwaya yoyote iliyofiwa au kuhamwa na sauti yake kubwa ina njia tatu: kuushusha wimbo mzima ili aliyebaki aufikie, kumpa mwingine melodi na kuacha zile nakshi za juu, au kuwaachia wasikilizaji wenyewe mstari huo. Njia ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote kwa kundi ambalo wasikilizaji wake waliandika maneno kwenye madaftari. Ningependa Abiria atueleze kama hata mwaka 2012, Mark akiwa jukwaani, alikuwa akisikika kweli juu ya kelele za uwanja.

Abiria wa Dublin

Kwenye beti, ndiyo. Kwenye viitikio sikumsikia hata mmoja wao.