Mjadala: Ulaya na Marekani waache kusogeza saa?

Mleta mada (Nairobi):
Wakuu, naomba tujadili. Wenzetu husogeza saa mbele kwa saa moja kila Machi (saa za kiangazi), kisha huzirudisha nyuma Oktoba au Novemba (saa za baridi). Mimi nasema waache kabisa, wabaki na saa za majira ya baridi mwaka mzima. Saa zetu haziguswi, lakini zao ndizo zinazopanga siku zetu. Nina kikao na timu za London na New York, saa nne asubuhi ya New York. Wakati wa baridi hapa kwetu huwa saa kumi na mbili jioni, kiangazi saa kumi na moja. Hilo ningelivumilia kama wangebadili siku moja. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza na Umoja wa Ulaya Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili au tatu hapo katikati, kikao ambacho London wamekizoea saa tisa alasiri kinawaangukia saa nane, na kuna aliyekwisha kumpa mteja muda huo. Mwisho wa Oktoba vurugu hurudi tena, wiki nzima, maana Ulaya hurudisha saa wiki moja kabla ya Marekani.

Na wenyewe wamechoka. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliomba maoni, watu milioni 4.6 wakajibu, asilimia 84 wakataka ikome. Bunge lao likapiga kura Machi 2019. Serikali za nchi wanachama hazijaafikiana.

Mchangiaji, Hamburg (Ujerumani):
Mkuu, huko jua halina mambo mengi, mwaka mzima linachomoza karibu muda uleule. Huku mwezi Juni linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa tayari zimesogezwa mbele! Ukibaki na saa za baridi litatoka kabla ya saa kumi, watu wote wamelala. Mwanga huo nauhitaji jioni, nikishatoka kazini, niwe nje na wanangu. Kikao chako kisininyang'anye hilo.

Mchangiaji, Minnesota (Marekani):
Namuunga mkono mleta mada, hasa kwenye saa za baridi. Wanaotaka za kiangazi zidumu wasome habari za 1974. Mafuta yalikuwa shida, Marekani ikasogeza saa mbele Januari, zibaki hivyo mwaka mzima kwa majaribio. Watoto wakawa wanakwenda shule gizani, wazazi wakapiga kelele, na kufikia Oktoba saa zikarudishwa. Urusi nayo ilijaribu 2011, ikaacha 2014. Hata hivyo Seneti ya Marekani ilipitisha muswada wa kudumisha saa za kiangazi 2022, ukakwama Baraza la Wawakilishi. Kwetu huku, Januari jua lingetoka karibu saa tatu asubuhi. Nani atamsindikiza mtoto kituo cha basi?

Mchangiaji, Dar es Salaam:
Mbona dawa ipo? Kalenda ya simu hufuata saa za mji alioko mwenye kikao. Kiandikwe kwa saa za Nairobi, wao ndio wahangaike.

Mleta mada:
Ndugu yangu, nilishapendekeza. Ikifika Machi, saa kumi na mbili yetu inakuwa saa tano kwa New York badala ya saa nne, na London saa kumi badala ya tisa. Walikataa siku hiyohiyo. Anayelipa ndiye anayechagua saa, ndiyo maana nataka jambo hili liishie kwenye sheria zao, si kwenye kalenda yangu. Na wa Hamburg nimekuelewa, jioni yako ina thamani. Ila ya kwangu pia ina thamani, na hakuna bunge lililowahi kuipigia kura.