Naomba ushauri: mzee aliaga na taito (hati ya shamba) bado ni ya babu
Wadau habarini. Mzee wetu tulimzika Aprili huko Kakamega, na vile mimi ndio kifungua mimba kila kitu kiko kwa bahasha yangu ya kaki, cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina yetu sote, hadi kitabu cha sacco kimeliwa na panya kona moja. Benki wanasema bila granti ya korti (kibali cha kusimamia mali ya marehemu) hakuna kutoa hata bob, na najua notisi ya ombi la granti ikishatoka kwa Gazeti la serikali ni siku 30 za kungoja pingamizi. Sasa taito ya shamba bado iko kwa jina la babu, naanza na saksesheni (kesi ya urithi) ya babu ama ya mzee? Na nikifailia hapa Nakuru ninakoishi, si watanirudisha Kakamega? Mama huniuliza kila jioni.