Mrejesho: ile peni ya babu ya 1936

Jamani, asanteni sana mliojibu. Niliuliza kama peni ya tundu (sarafu ya senti kumi ya enzi za ukoloni) aliyoniachia babu, ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza, kweli ni ya laki mbili kama nilivyoambiwa mtaani.

Jumamosi nilimpelekea mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu, Ngara, Nairobi. Akaiweka chini ya lenzi: taji juu ya tundu, EDWARDVS VIII pembeni, sura ya mfalme hakuna. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka kwenye kiti cha enzi, ndiyo maana watu hudhani sarafu zake ni adimu. Kumbe hizi za Afrika Mashariki zilipigwa kwa mamilioni! Akasema atanipa shilingi mia tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliisugua kwa ndimu na majivu. Alipoiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, mikwaruzo ilionekana kila mahali. Ile rangi ya kahawia ya miaka mingi ndiyo wanayoitaka wanunuzi, na ikishatoka hairudi.

Sikuiuza. Lakini kwenye kopo lilelile kulikuwa na florini ya 1920, pesa iliyotumika muda mfupi tu kabla ya shilingi kuingia 1921. Hiyo mzee aliishika kingo tu, akaniomba nimwachie wiki moja aichunguze. Nimekataa kuiacha, tutaenda pamoja na mama.