Minazi yangu Pangani imekaa mifupi, baba mkubwa anataka niikate

Mwana_Mwera: Wakuu, heshima kwenu. Nina minazi 14 Pangani, mwaka wa 5 sasa. Minane inakwenda juu. Sita imegoma, makole (mashada ya nazi) nayafikia nikiwa nimesimama, na makovu ya makuti kwenye shina yamebanana. Baba mkubwa anasema imedumaa, niikate nipande mingine. Miche yote niliinunua barabarani kwa mtu mmoja.

Mkwezi_Mstaafu: Umesema makole? Mnazi uliodumaa huo wa wapi unaozaa mapema hivyo? Mirefu yetu ya pwani huanza mwaka wa 6 mpaka wa 8. Nazi zake rangi gani?

Mwana_Mwera: Za machungwa. Mmoja tu ndio za kijani.

Shamba_Darasa: Basi hicho ni kitamli, mnazi mfupi wa asili, weka shoka chini. Mnazi wenye njaa, au ulioliwa na mdudu chonga kwenye moyo, huharibika wote: makuti madogo ya njano, au yamekatwa kama kwa mkasi. Kitamli kina afya yake, ila kati ya kuti na kuti shina halirefuki. Ni maumbile ya mbegu, hata umwage mbolea lori zima. Tazama kitako: mnazi mrefu huvimba chini, kitamli hutoka ardhini kimenyooka, chembamba.

BintiMadafu: Mie nauza madafu Tanga mjini, kitamli nakigombania. Maji matamu, na mkwezi simlipi. Ila mbata (nazi ya kukausha) usitegemee, na ukame ukikaza kinapukutisha vidaka, yaani nazi changa, wakati mirefu inavumilia.

Mkwezi_Mstaafu: Huo wa kijani huenda umechanganyika. Kitamli aghalabu hujichavusha chenyewe, lakini nyuki wakitoka kwenye mirefu ya jirani hawaombi ruhusa. Ukiotesha nazi za hiyo ya machungwa, chipukizi likitoka la machungwa ni kitamli halisi, la kahawia lina damu ya mrefu. Halafu wale siafu maji moto juu ya minazi usiwapulizie dawa, jamani. Ndio walinzi wa vidaka.

Mwana_Mwera: Nimetoka shambani. Mitano haina kitako kabisa, wa kijani umevimba kidogo. Baba mkubwa nimempasulia dafu, kaomba la pili, la shoka hajalitaja tena. Nazi ya mbegu niiangue lini?

BintiMadafu: Ikauke mtini, uitikise usikie maji yanacheza. Madafu yakizidi, niite.